Nyumba ya mwanasesere nayo yataka msingi

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Lau wangalimuuliza babangu, ambaye alikuwa fundi wa mawe kwa zaidi ya miaka 40, angaliwaongezea kwamba wala si ukuta, wala si mabati. Kwake yeye nyumba ni kile kitu ambacho mgeni hakitazami, yaani msingi.

Hebu, mpenzi msomaji, itazame nyumba yoyote ya mwanasesere, iwe ya kununuliwa dukani au ya kuundwa na seremala wa mtaani. Ina madirisha, ina paa, huenda hata ina mapazia na vitanda. Lakini chini yake hakuna kitu. Ukuta umeshuka moja kwa moja hadi mezani, kana kwamba nyumba hiyo ilidondoka kutoka mbinguni jana jioni ikatua hapo. Mtoto hawezi kukueleza ni nini kilichokosekana, ila utamwona akiisukuma huku na huko siku nzima, maadamu hakuna kinachomwambia kwamba nyumba haisukumwi.

Mwezi wa Agosti 2024 nyumba ya aina hiyo iliingia kwangu. Seremala jirani yetu alikuwa na vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye kazi ya kabati, akamuundia binti yangu wa miaka 9 nyumba ya vyumba vitatu, yenye paa la katoni ya mikunjo mfano wa mabati. Mtoto akaiweka juu ya meza ya sebuleni, mbele ya babu yake, ambaye amekuwa akiishi nasi hapa Nairobi tangu 2021 magoti yalipomshinda.

Mzee aliitazama kwa muda. Hakusifu madirisha, hakusifu paa. Aliuliza tu: "Hii imejengwa wapi?"

"Kwako, Guka. Kule Murang'a," mtoto akajibu, kana kwamba ni jambo linalojulikana na kila mtu.

"Basi haiwezi kukaa hivyo," mzee akasema. "Kwangu kuna mteremko."

Ili uelewe ni kwa nini maneno hayo machache yalinifanya nikaiweka kando kazi niliyokuwa nikiandika, sharti nikueleze kuhusu huo mteremko.

Kule nyumbani Murang'a, chini kidogo ya nyumba ya mbao aliyotulelea mamangu, kuna msingi wa mawe. Ni msingi tu. Babangu aliuchimba na kuujenga mwenyewe mwaka 1996, siku za Jumapili na zile siku ambazo waajiri wake hawakuwa na saruji. Januari 1997 kakangu mkubwa akaingia kidato cha kwanza, kisha akafuata mwingine, na mwingine, hadi tukatimia watano. Mtu aliyewajengea wenzake misingi kutoka Thika hadi Nyeri hakujaaliwa kuuinua wake hata kwa jiwe moja zaidi.

Sisi watoto hatukuwahi kuuita nyumba. Palikuwa ni mahali, kama vile mtoni au barabarani. "Nenda ukaanike maharagwe kwa msingi." "Mwite ndugu yako, yuko kwa msingi." Tuliruka kamba juu yake, tukajifunza kusoma tukiwa tumeukalia, na nyasi zikaota katikati mahali palipokusudiwa kuwa sebule.

Pasaka ya 2024 tulipokutana, kakangu alipendekeza mawe yale yang'olewe, yatumiwe kujengea boma la ng'ombe, na mzee ajengewe nyumba mpya huko juu karibu na barabara, penye maji na umeme. Haikuwa fikira mbaya. Mtu mwenye magoti mabovu hapaswi kupanda na kushuka mteremko. Babangu alimaliza chai yake akasema, "Fanyeni mnavyoona." Yeyote aliyelelewa na mzee wa aina yake anajua kwamba jibu hilo si idhini.

Kwa hivyo mtoto aliposema "kwako, Guka", niliona heri niiache ile kazi nyingine ingoje.

FUTI MOJA, INCHI MOJA

Kipimo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa nyumba ndogo ni kimoja kwa 12, yaani kila futi ya nyumba ya kweli huwa inchi moja. Ndicho kilichotumika katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyoko katika Kasri la Windsor, Uingereza, ambayo ilibuniwa na msanifu Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924. Nyumba hiyo ina umeme, lifti, na maji yanayopita mabombani. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, mama mmoja tajiri kwa jina Frances Glessner Lee alitumia kipimo hicho hicho kutengeneza vyumba vidogo vya kuwafunzia polisi jinsi ya kuchunguza vifo vya kutatanisha. Si mchezo wa watoto peke yao, basi.

Babangu alikielewa kipimo hiki papo hapo, kwani hakuwahi kuzizoea mita. Jiwe lake la inchi 9 kwenda juu likawa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19. Kiungo cha saruji cha nusu inchi kikawa milimita moja hivi, unene wa shilingi ya sarafu au pungufu.

Jumamosi moja mimi na binti yangu tulishika matatu hadi Murang'a, tukiwa na utepe wa kupimia na daftari. Tulifyeka nyasi pembeni, tukapima. Upande mrefu futi 30. Upande mfupi futi 20. Mtoto aliandika, kisha akanitazama. Nyumba yake iliyokuwa mezani Nairobi ilikuwa inchi 30 kwa 20.

Tuliporejea nilimwendea seremala, naye akanieleza bila kujua uzito wa alilokuwa akisema. Alipokuwa akikata plaiwudi alimwuliza mzee aliyekuwa akiota jua nje aikate kiasi gani, na mzee akamjibu mara moja: thelathini kwa ishirini.

Nilirudi nyumbani na sikumwambia mtu neno. Nikaanza kutafuta trei za mayai.

JIWE LA KWELI HUDANGANYA

Watu wengi hudhani kwamba msingi mdogo wa mawe hujengwa kwa mawe madogo. Binti yangu alijaza mkebe mzima wa kokoto akamletea babu yake. Mzee alizimimina kiganjani, akazigeuzageuza, akacheka. "Haya ni majabali," akasema.

Sababu yake si ngumu. Unaweza kupunguza ukubwa wa jiwe lakini huwezi kupunguza chembechembe zake. Punje ya mchanga yenye upana wa milimita moja, ukiiweka kwenye nyumba ya kipimo hiki, ni sawa na kokoto ya milimita 12 iliyojitokeza ukutani. Jicho hulishtukia jambo hilo hata kama mwenye jicho hajui hesabu. Zaidi ya hayo, kokoto za barabarani zimeviringana, ilhali mawe ya nyumba za kwetu yamechongwa.

Karatasi ndiyo yenye heshima hapa, hasa ile ya kijivu inayotengenezewa trei za mayai. Mawe ya babangu yalitoka Ndarugu, kule upande wa Juja, na mawe ya huko ni majivu ya volkano yaliyogandamana zamani za kale. Ukilitazama kwa karibu utaona uso wake ni mkavu, wenye vijitundu, usiong'aa. Trei ya mayai iliyorowekwa na kukaushwa ina uso huo huo.

Nilizichana trei sita vipande vidogo nikaziroweka usiku kucha katika maji ya moto. Asubuhi nikazisaga kwa mikono hadi zikawa kama ugali laini, nikakamua maji kwa kitambaa, nikatia gundi nyeupe ya mbao kiasi cha kikombe kimoja na vijiko kadhaa vya fila, ule unga wa kuzibia nyufa za ukuta. Mchanganyiko ulio sawa haushikani na vidole na ukiubana hautoi maji. Kisha nikautandaza juu ya karatasi ya nailoni kwa kijiti cha kusukumia chapati. Pembeni niliweka rula mbili zenye unene wa milimita 4 ili kijiti kipite juu yake na unene usibadilike.

Kabla haujakauka, chukua karatasi ya fedha, ile ya kufunikia nyama ya kuoka, uifinyange iwe kama yai, uibonyezebonyeze juu ya uso wote. Usibonyeze mara mbili kwa upande ule ule wa yai. Ligeuze kila mara, la sivyo kila jiwe litakuwa na alama moja na watu wataona ni muhuri. Babangu aliongeza jambo ambalo nisingelipata popote. Mawe yake yalichongwa kwa tindo, na tindo huacha mistari ya kimshazari, yote ikielekea upande mmoja kwa sababu fundi hutumia mkono mmoja. Tulichora mistari hiyo kwa mgongo wa kisu. Ya babangu huinamia kushoto.

Msimu wa baridi ulikuwa bado haujaisha Nairobi, na ule mkate wetu wa karatasi ulichukua siku nne kukauka. Hupungua kidogo unapokauka, kwa hivyo ukate mawe ukiwa umeshikana lakini ungali na unyevu, na uongeze unywele mmoja kwenye kipimo. Tulihitaji mawe zaidi ya 250.

FUNDI MKUU KWENYE KITI

Mikono ya mzee iliyoshika nyundo miaka yote hiyo sasa hutetemeka hata kwa kikombe cha chai. Hakukata wala kubandika hata jiwe moja. Alivuta kiti karibu na meza, akashika fimbo ya binti yangu ya kuoneshea ramani, akawa fundi mkuu, na sisi wawili tukawa vibarua.

Amri ya kwanza ilihusu kona. Kona hutangulia, kisha uzi huvutwa kutoka kona hadi kona, na mawe ya katikati hufuata uzi. Jiwe la kona ni lazima lionekane pande mbili. Kwa kuwa mawe yetu yalikuwa mabapa ya kubandikwa juu ya sanduku la plaiwudi lililobeba uzito wa nyumba, ya kona tuliyatengeneza kando, manene, ili mtu akitazama kutoka upande wowote aone jiwe zima na si kipande cha biskuti. Nimeona picha za misingi midogo iliyofanywa kwa ustadi wa ajabu, rangi safi kabisa, ila kwenye kona vibapa viwili vimekutana kwa ncha, na uongo wote unatokea hapo.

Ya pili ilihusu urefu. Mawe yote ya safu moja, ambayo mafundi huiita kozi, yana kimo kimoja. Lakini urefu wa kwenda pembeni haulingani hata kidogo: hili inchi 12, hili 16, hili kipande cha 7 cha kuzibia. Mtoto, ambaye shuleni anafunzwa kupanga vitu vikalingana, alitaka mawe ya ukubwa mmoja.

"Lori halileti mawe ya kulingana," babu yake akamwambia. "Huleta yaliyoko."

Amri ya tatu aliirudia hata tukaiota usiku: kiungo kisisimame juu ya kiungo. "Maitu," aliniita. Huniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mamake. "Maitu, hapo umemruhusu mtu aingize kisu kutoka juu hadi chini. Kiungo juu ya kiungo ni ufa unaongoja siku yake." Basi nikabandua mawe mawili na kuyapanga upya. Nyumba ya karatasi haitapasuka, najua, na yeye alijua. Lakini jicho linalojua mawe, hata bila kujua kwamba linajua, hutulia ukutani pale ambapo mzigo umegawanywa vyema.

Kisha ukaja mteremko. Hapa, msomaji, ndipo penye siri kubwa zaidi ya kazi hii yote, na nashangaa kwamba watu wengi huweka nyumba zao ndogo juu ya ubao tambarare. Nchi yetu ina milima mingi kuliko mbao tambarare. Nilitwaa lile povu jeupe gumu linalofungia runinga mpya, nikalichonga kwa kisu cha mkate literemke kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikalipaka gundi na udongo. Upande wa juu kozi moja tu inaonekana. Upande wa chini ziko tano, karibu inchi 4 za kipimo chetu, ambazo ni kimo cha kifua cha mtu mzima katika nyumba ya kweli.

Ardhi huteremka, lakini mawe hayateremki nayo. Kila kozi imelala sawa na maji mtungini, na ardhi ndiyo inayoimeza moja baada ya nyingine kadiri unavyopanda. Mahali kozi inapozama ardhini jiwe lisikatwe kwa mshazari kufuata udongo, bali udongo ulipande jiwe. Ukilipata hilo, hata kabla ya rangi, utaona msingi wako umeingia ardhini na haukuwekwa juu yake.

Tulipomaliza kozi ya juu mzee alimtuma mjukuu wake chini ya kitanda, akatoa kitu kilichofungwa kwa shuka kuukuu. Ilikuwa pima maji yake, ya mbao, pembe zimelika. Tuliilaza juu ya ule msingi mdogo. Povu lilisimama katikati. Alilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. (Asiye na pima maji ajaze chupa ndogo ya dawa maji abakishe povu moja la hewa, ailaze ubavu, itamfaa.)

Juu ya kozi hiyo tulibandika utepe mwembamba wa karatasi nyeusi, mfano wa ile karatasi ya lami inayozuia unyevu usipande ukutani. Hauonekani kabisa nyumba ikishakaa. Nilitaka kuuruka. Fundi mkuu alikataa.

RANGI NA UCHAFU

Usipake rangi kabla ya kupaka gundi iliyochanganywa na maji, maana karatasi ina kiu na itakunywa kopo zima. Gundi ikikauka, sahau rangi ya kijivu ya dukani. Changanya nyeupe na nyeusi, kisha tia tone la kahawia, na katika kijikopo kingine tone la manjano, na kingine tone la buluu. Sisi tulikuwa na vijikopo vitano. Binti yangu alipaka mawe bila mpangilio, jiwe hapa na jiwe pale, na katika hilo mtoto anampita mtu mzima, kwa sababu mtu mzima hawezi kujizuia kufuata utaratibu.

Viungo tulivijaza kwa fila iliyotiwa gundi na rangi kidogo, tukaisukuma kwa kidole na kupangusa nyuso za mawe kwa kitambaa kibichi. Nilikuwa nimejiandaa kuchora ile mistari ya saruji iliyoinuka ambayo huonekana kwenye nyumba nyingi za mawe hapa Kenya.

"Hapana," mzee akasema. "Pale sikufika." Ni kweli; mistari hiyo ni ya mwisho, hupigwa nyumba ikiisha. Kwa hivyo viungo vyetu ni vya kwaruza, na upande wa chini, ambako mvua za tangu 1996 zimekula saruji, tuliikwangua kwa sindano.

Kisha chai ya strungi. Ikolee hasa, ipoe, ipakwe kwa brashi nene kutoka juu. Hutiririka yenyewe hadi kwenye nyufa na mistari ya tindo na kuacha weusi pale ambapo uchafu hukaa. Ikikauka, chukua brashi iliyo kavu kabisa yenye rangi nyeupe kidogo tu, uipitishe juu juu bila kukandamiza. Vichwa vya mawe hushika mwanga, na hapo karatasi hugeuka jiwe mbele ya macho yako. Mtoto alipiga kelele.

Mwisho ni ule udongo mwekundu. Mvua inyeshapo kwetu, matone ya paani hupiga ardhi na kurusha matope ukutani hadi kimo cha futi moja hivi, na kila nyumba isiyo na mfereji imevaa mshipi huo. Kwetu ukawa mshipi wa inchi moja. Kwa jambo hili tulitumia kitu cha kweli, udongo wa Murang'a tuliourudisha ndani ya soksi. Mfinyanzi ukisagwa na kuchungwa kwa soksi huwa vumbi laini lisilo na punje, kwa hivyo haudanganyi kama kokoto. Uukoroge kwa maji na gundi kidogo, kisha uurushie kwa mswaki wa zamani kutoka chini kwenda juu, kama mvua ifanyavyo.

Wasomaji wa Pwani watasema kwamba huu ni msingi wa bara, na wana haki. Mwenye kutaka nyumba ya Lamu au ya Mji wa Kale wa Mombasa asichonge mawe ya pembe nne. Huko hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na matumbawe hayana kimo wala safu ya kunyooka. Vipande vichanwe kwa mkono visikatwe, vitobolewe kwa pini mara nyingi vikiwa bado vibichi, na viungo vya chokaa viwe vinene, vyeupe, vimemwagika hadi juu ya mawe. Anayetaka kujionea jinsi ukuta wa namna hiyo unavyokutana na ardhi baada ya karne kadhaa na aende Gedi, karibu na Watamu, magofu ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Awatazame wenzake wakipiga picha za milango, yeye ainame atazame chini.

UPANDE WA MLANGO

Mwezi wa Oktoba kakangu alipitia kwetu akitoka kazini. Nyumba ilikuwa imekaa juu ya msingi wake mezani. Aliinama, akahesabu kozi za upande wa chini kwa kidole, akasema alidhani ni nne. Kisha akagusa ile kona ya chini na kusema kwamba hapo ndipo alipovunjia jino akiwa na miaka 13. Hakuna aliyetaja boma la ng'ombe.

Kilichobaki kilikuwa ngazi tu. Seremala alikuwa ameweka mlango katikati ya upande mrefu unaotazama bondeni, kama kawaida ya nyumba za kuchora, na upande huo ndio wenye kozi tano. Ngazi yake ingekuwa ndefu. Binti yangu akamgeukia babu yake na kumwuliza swali ambalo sisi watoto wake watano, katika miaka 28, hatukuwahi kumwuliza.

"Guka, mlango wako ulikuwa uwe upande gani?"

Mzee hakufikiri. Alinyosha ile fimbo hadi upande wa juu, ule wenye kozi moja tu. "Hapa. Utazame jikoni." Akaona hatujaelewa. "Jiko la mama yenu liko hapa. Angekuwa akibeba chakula wakati wa mvua. Nilitaka avuke hatua sita tu."

Mamangu alifariki mwaka 2015. Jiko lake bado liko, na nilipima siku ya pili kwenye daftari letu: kutoka msingi hadi mlango wa jiko ni futi 14.

Kakangu alikaa kimya. Baadaye akauliza kama upande huo wa juu gari dogo haliwezi kufika likitokea kwa jirani, na mzee akasema linaweza, ikiwa ua utasogezwa. Tutakutana tena Desemba kulizungumza.

Ngazi haitakuwa ndefu tena. Ni vidato viwili vya nusu inchi kila kimoja, na babangu anataka cha chini kiwe kipana, inchi moja na nusu, mtu aweze kukikalia akimenya njegere. Nimevibandika jana usiku. Nyumba yenyewe imerudi kwa seremala ikatwe mlango mpya na ule wa zamani uzibwe, naye anasema itachukua wiki mbili kwa sababu ana kazi ya vitanda. Kwa sasa msingi uko mezani peke yake. Tumeufunika kwa gazeti usiingie vumbi, na chakula cha jioni tunakila tukiwa tumeshika sahani mikononi.